Vidonge vya kuongeza mbegu za kiume: Ahadi kubwa, ushahidi mdogo

KATIKA maduka ya dawa ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki, vidonge vya virutubisho vinavyodaiwa kuongeza mbegu za kiume si bidhaa ngeni tena. Ndani ya kopo moja huwamo vitamini C, vitamini E, zinki, seleniamu na viinilishe vingine, na maelezo ya nje humwahidi mwanamume mbegu nyingi na zenye nguvu baada ya miezi mitatu.

Mnunuzi mara nyingi ni mtu aliyekwishakaa katika ndoa mwaka mmoja, miwili au mitatu bila kupata mtoto. Hununua kimya kimya na kumeza kimya kimya. Wakati huo mkewe huenda amekwishazunguka hospitali kadhaa na hata kwa waganga, kwa kuwa katika jamii nyingi ndoa isipojaliwa mtoto, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mwanamke.

Kwa wanandoa wa namna hiyo, swali la msingi ni moja tu: je, vidonge hivyo huleta mtoto?

Tafiti kubwa zilizofanywa katika miaka ya karibuni zimetoa jibu ambalo halijaandikwa kwenye makopo. Hoja ya kisayansi iliyozaa vidonge hivyo ni ya kweli, lakini vilipopimwa kwa kigezo cha watoto waliozaliwa, matokeo yake hayakufikia ahadi. Zaidi ya hapo, miezi inayopotea kwa kuvitegemea yaweza kuwa na gharama kubwa kuliko fedha iliyolipwa dukani.

Tatizo la wengi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linatafsiri ugumba kuwa ni hali ya wanandoa kushindwa kupata ujauzito baada ya kukutana mara kwa mara, bila kinga, kwa miezi 12 au zaidi.

Katika ripoti yake ya Aprili 2023, shirika hilo lilieleza kuwa asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, yaani takriban mtu mmoja kati ya sita, hukumbwa na tatizo hilo katika kipindi fulani cha maisha. Ripoti hiyo ilionyesha kuwa tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini ni ndogo.

Wataalamu wa uzazi wanakadiria kuwa katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mwanamume anahusika, ama peke yake au pamoja na mkewe. Kwa hiyo, kumchunguza mwanamke peke yake ni sawa na kutafuta ufunguo uliopotea katika chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba viwili.

Oksijeni, rafiki na adui

Karanga zilizokaa muda mrefu huchacha na kuwa chungu. Hali hiyo hutokea kwa sababu oksijeni iliyomo hewani imeyashambulia mafuta yaliyomo ndani ya karanga hizo.

Jambo linalofanana na hilo hutokea pia ndani ya mwili wa binadamu. Seli zinapotumia oksijeni kuzalisha nishati, hubaki mabaki yenye uwezo wa kuunguza na kuharibu vitu vinavyoyazunguka. Mabaki hayo hujulikana kama chembe huru.

Mwili una askari wake wa kuzizima chembe hizo. Baadhi hutengenezwa na mwili wenyewe, na wengine hutokana na chakula, mathalani vitamini C na vitamini E. Askari hao ndio wanaoitwa antioksidanti.

Mbegu ya kiume ni dhaifu mbele ya mashambulizi hayo kuliko seli nyingine nyingi, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba utando wake umejengwa kwa mafuta laini ya aina ile ile inayochacha upesi. Ya pili ni kwamba mbegu, ili iweze kuogelea, imepunguzwa mwili hadi kubaki karibu kichwa na mkia tu, na katika kupunguzwa huko imepoteza sehemu kubwa ya akiba ya askari wake.

Mbegu iliyoshambuliwa hupungukiwa na uwezo wa kuogelea. Wakati mwingine hata vinasaba vilivyomo kichwani mwake hukatikakatika.

Habari hizi si mpya. Mwaka 1943, mtafiti wa Marekani, John MacLeod, alionyesha kuwa mbegu za binadamu zikiwekwa kwenye oksijeni nyingi hupoteza mwendo. Mwaka 1979, Thaddeus Mann na wenzake walieleza jinsi mafuta ya utando wa mbegu yanavyoharibiwa na oksijeni.

Kutokana na elimu hiyo, ilikuwa rahisi kufikia wazo linalovutia: ikiwa oksijeni huharibu mbegu, na antioksidanti huizuia, basi mwanamume akipewa antioksidanti nyingi zaidi mbegu zake zitapona.

Matumaini ya mwaka 2002

Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 2002, watafiti wa Uholanzi walipotangaza matokeo ya jaribio lililowahusisha wanaume 108 wenye uwezo wa kawaida wa uzazi na wengine 103 wenye uwezo hafifu. Kwa wiki 26, baadhi yao walipewa zinki na asidi ya foliki, na wengine wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa.

Miongoni mwa wenye uwezo hafifu waliotumia viinilishe vyote viwili, idadi ya mbegu zenye umbo la kawaida iliongezeka kwa asilimia 74. Viinilishe hivyo viwili sasa hupatikana katika karibu kila kopo la vidonge vya aina hii.

Hata hivyo, jaribio hilo lilihesabu mbegu, halikuhesabu watoto. Hapo ndipo palipo na kiini cha suala zima. Mbegu kuongezeka katika kipimo cha maabara ni jambo moja, na mtoto kuzaliwa ni jambo jingine.

Majaribio mawili makubwa

Ilichukua karibu miaka 18 kabla swali la mtoto halijaulizwa kwa uzito unaostahili. Mwaka 2020, matokeo ya majaribio mawili yaliyofanyika Marekani yalitangazwa.

La kwanza, lililoongozwa na Enrique Schisterman na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA, lilihusisha wanandoa 2,370 waliokuwa wakijiandaa kupata matibabu ya uzazi. Nusu ya wanaume walipewa miligramu 30 za zinki na miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku kwa miezi sita. Nusu nyingine walipewa vidonge vitupu. Si wanaume hao wala madaktari wao waliojua nani anameza nini.

Katika kundi lililomeza viinilishe, wanandoa 404 walipata mtoto, sawa na asilimia 34. Katika kundi la vidonge vitupu, waliopata mtoto ni 416, sawa na asilimia 35.

Kwa maneno mengine, viinilishe havikuongeza hata mtoto mmoja. Aidha, vinasaba vilivyokatika katika mbegu vilikuwa vingi kidogo zaidi kwa waliotumia viinilishe, asilimia 29.7 dhidi ya 27.2, na malalamiko ya tumbo, kama kichefuchefu na kutapika, yalikuwa mengi zaidi upande wao.

Jaribio la pili, lililojulikana kwa jina la MOXI na kuongozwa na Anne Steiner, lilipima mchanganyiko unaofanana sana na ule unaouzwa madukani: vitamini C, vitamini E, seleniamu, zinki, asidi ya foliki, kanitini na likopini, ambayo ni rangi nyekundu ya nyanya. Wanandoa 171 walishiriki, katika vituo tisa vya uzazi. Wanaume wote walikuwa na kasoro katika mbegu zao, na wake zao walikuwa wamechunguzwa na kuonekana hawana tatizo.

Baada ya miezi mitatu, mbegu za waliotumia antioksidanti hazikuonyesha mwendo bora wala umbo bora kuliko za wenzao. Mwishoni, asilimia 15 ya wanandoa wa kundi hilo walipata mtoto, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliomeza vidonge vitupu. Kwa kuwa washiriki walikuwa wachache, tofauti hiyo haitoshi kusema kuwa antioksidanti zilileta madhara. Inatosha, hata hivyo, kusema kuwa manufaa yaliyotarajiwa hayakuonekana.

Kwa nini wapo wanaoshuhudia?

Msomaji anaweza kuuliza: mbona wapo watu waliomeza vidonge hivyo na wakapata watoto?

Jibu limo katika takwimu hizo hizo. Katika jaribio la kwanza, zaidi ya theluthi moja ya wanandoa ambao mume hakumeza chochote chenye dawa walipata mtoto. Laiti wangekuwa wamenunua kopo lenye jina zuri, kila mmoja wao leo angekuwa shahidi wa kopo hilo.

Jambo la pili ni kwamba idadi ya mbegu haitulii. Mwanamume yule yule akipimwa leo na baada ya mwezi, majibu yanaweza kutofautiana sana. Mtu huanza kutafuta dawa pale kipimo kinapokuwa chini, na kipimo kilichokuwa chini kabisa mara nyingi hupanda chenyewe kinaporudiwa. Aliyemeza vidonge katikati ya vipimo hivyo viwili atavishukuru vidonge.

Ndiyo maana watafiti huweka kundi la kulinganisha. Bila kundi hilo, hakuna awezaye kutenganisha kazi ya dawa na mabadiliko ya kawaida ya mwili.

Uchambuzi wa tafiti 90

Wapo wanaotetea vidonge hivyo kwa kusema kuwa tafiti nyingine zimeonyesha mafanikio. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inahitaji kupimwa kwa uangalifu.

Mtandao wa kimataifa wa Cochrane, unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, ulitoa toleo jipya la uchambuzi wake wa suala hili mwaka 2022. Uchambuzi huo ulikusanya tafiti 90 zilizohusisha wanaume 10,303.

Kati ya tafiti hizo 90, ni 12 tu zilizotoa hesabu ya watoto waliozaliwa. Kwa kuzijumlisha zote 12, ilionekana kuwa pale ambapo wanandoa 16 kati ya 100 wangepata mtoto bila antioksidanti, wangekuwa kati ya 17 na 27 kwa kuzitumia.

Matokeo hayo yanatia moyo kwa mtazamo wa kwanza. Lakini wachambuzi walipoziondoa tafiti zenye kasoro kubwa katika namna zilivyoendeshwa, faida hiyo haikuthibitika tena. Waandishi wenyewe waliueleza ushahidi uliopo kuwa ni wa kiwango cha chini.

Mwongozo wa mwaka 2020 wa vyama viwili vya kitaalamu vya Marekani, cha madaktari wa mfumo wa mkojo na cha tiba ya uzazi, unawataka madaktari wawaeleze wagonjwa kuwa manufaa ya virutubisho hivi yana mashaka, na kwamba takwimu zilizopo hazitoshi kupendekeza aina yoyote mahususi.

Iweje basi viuzwe kwa uhuru? Sababu ni kwamba virutubisho havibanwi kama dawa. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1994, kwa mfano, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza.

Wingi si ubora

Watu wengi huamini kuwa vitamini, hata zikizidi, haziwezi kudhuru. Imani hiyo si sahihi.

Mbegu yenyewe huhitaji kiasi kidogo cha zile zile chembe huru ili ikamilishe maandalizi ya kulipenya yai. Kwa hiyo, kuzizima zote si jambo la kutamaniwa. Kinachotakiwa mwilini ni mizani, na mizani huharibika kwa kuzidisha kama inavyoharibika kwa kupunguza.

Mifano ya madhara ya kuzidisha ipo. Mwaka 1994, utafiti wa Finland uliowahusisha wavuta sigara wanaume 29,133 ulionyesha kuwa waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mwaka 2011, utafiti mwingine wa zaidi ya wanaume 35,000 huko Marekani ulionyesha kuwa yuniti 400 za vitamini E kwa siku ziliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Seleniamu ikizidi hunyonyoa nywele na kuharibu kucha. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kupata shaba unayoihitaji.

Hali ni tofauti kwa mtu aliyepungukiwa kweli na kiinilishe fulani. Huyo hufaidika akirudishiwa alichokosa. Lakini upungufu hujulikana kwa uchunguzi, na kwa watu wengi chakula cha kawaida kinatosha kuuzuia. Gramu 100 za mapera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, ambayo ni mara kadhaa ya ile iliyomo katika machungwa ya uzito huo huo. Vitamini E imo katika mbegu za alizeti na karanga, zinki katika nyama na maharage, seleniamu katika samaki na mayai, na likopini katika nyanya, hasa zilizopikwa.

Kinachofichwa na kopo

Hasara kubwa ya vidonge hivi imo katika kile vinachomchelewesha mtu kukigundua.

Mbegu ya kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha hupita katika mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani kwa muda unaokaribia wiki mbili. Ndiyo sababu makopo husema miezi mitatu. Mwanamume akimaliza miezi mitatu bila mafanikio, hushauriwa aongeze mitatu mingine, na mwaka huisha hivyo.

Katika mwaka huo, chanzo halisi huendelea kukaa pale pale. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, hali iitwayo varikosili, hupatikana kwa zaidi ya theluthi moja ya wanaume wenye ugumba, na baadhi yao husaidiwa kwa upasuaji. Kisonono na klamidia visipotibiwa vinaweza kuziba mirija inayopitisha mbegu. Matubwitubwi yakimpata mwanamume aliyekwishabalehe yanaweza kudhuru korodani.

Kati ya kila wanaume 100 wenye ugumba, 10 hadi 15 hawana mbegu hata moja katika shahawa. Hakuna kidonge cha vitamini kinachoweza kuzibua mrija ulioziba au kurekebisha kasoro ya kurithi.

Ipo pia hatari ya kuchanganya mambo mawili: nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili za tendo la ndoa na asiwe na mbegu. Homoni ya testosteroni, ambayo baadhi ya watu huitumia ili kuongeza nguvu au misuli, hushusha utengenezaji wa mbegu na inaweza kuusimamisha kabisa. Anayetafuta mtoto kwa njia hiyo hujifungia mlango anaotaka kuufungua.

Wakati huo huo, umri wa mke hausubiri. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35. Mwaka mmoja wa mume kumeza vidonge ni mwaka mmoja pia katika umri wa mke.

Hatua za kuchukua

Wataalamu wanashauri wanandoa waende kuchunguzwa pamoja baada ya miezi 12 ya kujaribu bila mafanikio, au baada ya miezi sita iwapo mke ametimiza miaka 35.

Kipimo cha kwanza kwa mwanamume ni cha shahawa. Hutolewa baada ya kujizuia na tendo la ndoa kwa siku mbili hadi saba, na sampuli inatakiwa kufika maabara ndani ya saa moja. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zenye mwendo kuwa viwango vya chini vya rejea. Aliye chini ya viwango hivyo hajahukumiwa kuwa mgumba, na aliye juu yake hajahakikishiwa mtoto.

Kipimo kikionyesha kasoro hurudiwa, kwa kuwa hata homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuyashusha majibu. Baada ya hapo daktari humchunguza mwanamume mwilini, humuuliza historia yake na, inapobidi, humpima homoni.

Yapo pia mambo yanayopunguza mashambulizi ya oksijeni kwenye chanzo chake: kuacha sigara, kupunguza pombe, kupunguza uzito uliozidi na kuepuka joto kali la muda mrefu sehemu za siri. Anayetumia tayari vidonge vya virutubisho anapaswa kumweleza daktari, bila kuficha jina la bidhaa wala kiasi anachomeza.

Kipimo cha shahawa hakichukui zaidi ya siku moja, nacho humweleza mwanamume mambo ambayo makopo ya mwaka mzima hayawezi kumweleza. Kinachowazuia wengi kukifanya ni aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomwacha mke abebe peke yake lawama ambayo huenda si yake. Wahenga walikwishasema: mficha uchi hazai.